Mpaka haupigwi picha, lakini unachorika

Kwenye vituo vingi vya mpakani Afrika Mashariki kuna kibao kinachokataza kupiga picha. Mfanyabiashara anayevuka kila wiki amekizoea kiasi kwamba hakioni tena. Ndani ya simu yake kuna picha za kila namna: sampuli za vitenge, risiti, magunia ya vitunguu yakipakiwa, namba za malori, mtoto siku ya kwanza ya shule, harusi ya shemeji. Mahali ambapo amekaa saa nyingi kuliko sebuleni kwake, yaani kwenye foleni ya mpakani, hana picha hata moja.

Katazo hilo lina sababu zake za kiusalama, na hakuna haja ya kugombana nalo. Lakini limezaa jambo ambalo halizungumzwi. Sehemu kubwa ya maisha ya biashara ndogo ya mipakani haina picha. Magazeti yana picha za marais wakikata utepe. Mamlaka za mapato zina hesabu za makontena. Mama aliyevusha mchele kichwani pale Mutukula tangu ujana wake, au mlemavu aliyevusha mizigo kwa baiskeli ya magurudumu matatu pale Busia au kati ya Goma na Gisenyi, hayumo popote, isipokuwa vichwani mwa waliosimama naye kwenye foleni. Na vichwa hivyo vinazeeka.

Ndiyo maana inafaa kumwangalia upya mchoraji wa ridhaa, yule ambaye mchana ananunua na kuuza kama wengine, na usiku anakaa na brashi mbele ya kipande cha ubao. Kwa kawaida huchekwa. Nyumbani wanaona anamwaga fedha ya unga kwenye makopo ya rangi. Waliosomea sanaa chuoni wanaona mikono aliyoichora ni minene mno na mabasi yake yamepinda. Huenda wote wana haki katika hilo. Hata hivyo, mtu huyo mwenye kumbukumbu za safari zake na bahasha ya picha za zamani ndiye mtunza kumbukumbu pekee ambaye biashara ndogo inaweza kumpata kwa bei inayoimudu. Ataifaa biashara hiyo iwapo atachora alichokiona, ataandika ni nini alichokichora, na jirani zake watakubali kumnunulia.

Hilo liliwahi kufanyika, tena kwa Kiswahili. Katika miaka ya 1960 na 1970, mjini Lubumbashi na katika miji mingine ya migodi ya Katanga, eneo lililoitwa Shaba wakati nchi ikiitwa Zaire, wachoraji wa mitaani walikuwa wakiuza picha nyumba kwa nyumba na sokoni. Wanunuzi hawakuwa watalii. Walikuwa wafanyakazi wa migodi na wa reli, makarani, walimu na wenye maduka. Picha zilichorwa kwenye kitambaa cha magunia ya unga, kikafuliwa, kikawambwa kwenye fremu na kupakwa rangi nyeupe kabla ya kuchorwa. Kisha zilitundikwa sebuleni, mahali ambapo mgeni hawezi kukaa bila kuziona.

Kiswahili cha huko kilikuwa na neno kwa kazi ya picha hizo: ukumbusho. Picha nzuri haikuwa ile inayopendeza tu. Ilikuwa ile inayomfanya mwenye nyumba aanze kusimulia. Aina zilijulikana, na mteja alitaja aina aliyoitaka kama mtu anavyotaja saizi ya shati. Ilikuwepo picha ya mfungwa akichapwa viboko mbele ya bendera ya Ubelgiji. Ilikuwepo mamba muntu, yule nusu mwanamke nusu samaki anayetajirisha na kuangamiza. Zilikuwepo za mababu, za kijiji cha zamani, za treni. Baba aliyeinunua ile ya viboko hakununua pambo. Alinunua njia ya kuwaeleza wanawe mambo ambayo shule haikuyafundisha.

Katika wachoraji hao, jina linalokumbukwa zaidi ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Uchoraji hakuusomea chuoni. Alianza kwa kuuza picha hizo za kawaida, kisha akajipa kazi kubwa kuliko soko lilivyomwomba: kuichora historia nzima ya nchi yake, kutoka enzi za wafalme hadi siku alizokuwa akiishi, na hata siku zijazo. Mwaka 1973 na 1974 alichora mfululizo wa picha takriban mia moja na kuziuza, moja baada ya nyingine, kwa mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha chuo kikuu mjini hapo. Alipokuwa akileta picha alizieleza kwa Kiswahili, na maelezo yakarekodiwa kwenye kanda. Fabian alikuja kuyachapisha pamoja na picha katika kitabu mwaka 1996.

Ukiziangalia picha za Lumumba alizozichora Tshibumba, utaona jinsi mchoraji asiyekuwepo kwenye tukio anavyofanya kazi. Zile picha za magazeti za Lumumba akiwa amekamatwa, mikono imefungwa, zilikuwa zimezunguka dunia nzima. Tshibumba hakuzinakili tu. Alizichanganya na aliyoyasikia kwa watu, akapanga watu na majengo upya, akaandika maneno juu ya turubai ili asije mtu akaielewa picha vingine, na akatia saini. Wanahistoria wanaweza kubishana naye kuhusu tarehe, lakini hawawezi kusema hakujua alichotaka kukieleza.

Mfululizo ule leo uko Amsterdam, katika jumba la makumbusho lililokuwa likiitwa Tropenmuseum. Tshibumba mwenyewe alitoweka mwanzoni mwa miaka ya 1980 na hakujulikana alikoishia. Uchumi wa migodi ulipodorora, mfanyakazi aliyekuwa akinunua picha ya sebuleni alianza kuhangaikia unga, na mchoraji akabaki na mteja mmoja tu, yule wa kutoka nje. Kilichoondoka Lubumbashi si picha peke yake. Mazungumzo yaliyokuwa yakizunguka picha hizo yaliondoka nazo. Wanaolaumu Wazungu kwa kuzinunua wangefaa kujiuliza picha zile zingekuwa wapi kama asingezinunua mtu yeyote.

Tangu mwaka 2022 Kongo imo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Kiswahili cha Lubumbashi kimekuwa Kiswahili cha nyumbani kwa wote. Kwa hiyo neno ukumbusho, kwa maana ile ya picha inayozungumza, ni mali ambayo mfanyabiashara wa Tunduma au Kasumbalesa anaweza kuichukua bila ushuru.

Mchoraji wa leo ana kitu ambacho wengi wa kizazi cha Tshibumba hawakuwa nacho: lundo la picha za familia. Afrika Mashariki ni nchi ya studio. Zanzibar, Capital Art Studio ilianzishwa mwaka 1930 na vizazi vikapita mbele ya kamera yake. Lamu walikuwa na Bakor. Mombasa, wapiga picha wa kivuko cha Likoni waliweka vibanda vyenye mapazia yaliyochorwa meli na ndege, na kijana aliyetoka bara kutafuta kazi alisimama mbele ya ndege ambayo hakuwahi kuipanda, akapigwa, akatuma picha nyumbani. Picha za namna hiyo ziko kwenye masanduku ya chuma chini ya vitanda, kuanzia Kigoma hadi Kisumu, zikinyonywa na unyevu na kuliwa na mende.

Ila picha ya studio haisemi kweli yote. Saa ya mkononi iliazimwa, na suti ilikuwa ya mwenye studio. Redio aliyoishika mtu mapajani haikuwa yake, na pengine haikuwa hata na betri. Kijana wa Likoni hakupanda ndege. Mchoraji anayenakili picha hiyo ilivyo, akapanua ndege na kufuta mikunjo ya pazia ili ionekane ni ndege ya kweli, anauza uongo wa pili juu ya ule wa kwanza. Aliye makini atalichora pazia kama pazia, na kibanda, na mpiga picha akiwa amechuchumaa, na kivuko nyuma yake kikiwa kimejaa watu. Hapo ndipo safari ya yule kijana ilipo.

Kuna pia mambo ambayo picha haikuyajua siku ilipopigwa. Tuseme familia moja ina picha ya babu yao akiwa Arusha mwaka 1976, ameegemea gari la rafiki yake kutoka Nairobi, wote wawili wanacheka. Mwaka uliofuata Jumuiya ya zamani ilivunjika na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Marafiki wale wawili hawakuonana tena kwa zaidi ya miaka sita, na gari pengine lilikwama upande usio wake. Kamera haikuona hayo. Mjukuu anayechora anayajua, na ana uhuru wa kuyatia: kizuizi barabarani nyuma ya wanaocheka, au kiti kitupu, au rangi ya jioni pale ambapo picha ya zamani ina weusi na weupe tu. Asipofanya hivyo, ni afadhali aende akaisafishe picha yenyewe kwa kompyuta, maana ni rahisi na itatoka vizuri zaidi.

Suala la rangi linawasumbua wengi wanaoanza. Picha ya weusi na weupe haisemi kanga ilikuwa na rangi gani. Njia ya mkato ni kubuni. Njia bora ni kumtafuta aliyekuwepo, kumpelekea picha na kumuuliza, na kumwacha aseme. Shangazi akikumbuka kwamba kanga ilikuwa nyekundu, atakumbuka pia ilinunuliwa wapi, kwa fedha gani, na kwa nini mama yake alikasirika. Nusu ya kazi ya uchoraji wa kumbukumbu hufanyika kabla ya kopo la rangi kufunguliwa. Na wanaoijua kazi hiyo huipiga kwanza picha ya zamani kwa simu, kwa mwanga wa dirishani bila kuwasha taa ya kamera, wakairudisha sandukuni, kisha wakachora mistari ya miraba juu ya nakala na juu ya ubao ili vipimo visipotee. Hakuna aibu katika miraba. Hata wachoraji wakubwa waliitumia.

Kuhusu mada, wafanyabiashara wa mipakani ni matajiri wasiojijua. Chukua meli ya MV Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande hadi Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 ili isitekwe, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Kwa miaka mingi ilishuka Ziwa Tanganyika hadi Mpulungu, Zambia, na kwa kuwa vijiji vingi havina gati, ilisimama majini gizani na mitumbwi ikaizingira. Watu walipanda na kushuka ubavuni mwake, magunia ya dagaa yakipitishwa mkono kwa mkono, nanasi zikirushwa juu, watoto wakishushwa kwa kushikwa mkono mmoja, makuli wakipiga kelele na taa ya meli ikimulika yote hayo kwa dakika chache kabla ya kuzimwa. Mtu aliyesafiri nayo mara kumi akiwa na mzigo wake anaikumbuka ilivyo kuliko mpiga picha wa nje aliyeipanda mara moja.

Au chukua Rusumo. Daraja la zamani, lile jembamba la gari moja moja juu ya mto Kagera, ndilo lililovukwa mwishoni mwa Aprili 1994 na watu wanaokadiriwa kufika 250,000 katika muda wa siku moja hivi, wakikimbia kutoka Rwanda kuingia Ngara. Picha za habari za siku ile zipo. Zilipigwa kutoka juu au kutoka mbali, na watu ni kama mchanga. Aprili 2016 lilizinduliwa daraja jipya la njia mbili, na leo dereva wa lori analipita bila kupunguza mawazo yake kuhusu bei ya mchele. Mfanyabiashara wa Ngara aliyekuwa na kibanda kando ya barabara siku ile anajua vitu ambavyo kamera ya mbali haikuvipata: sauti, mizigo iliyoachwa, walichoomba watu kwanza. Kama anaweza kuchora, hata vibaya, mchoro wake una uzito. Hata hivyo mada hiyo haifai kuchorwa kwa ajili ya kuuzia wapita njia, na mchoraji mwenye busara ataiacha mpaka walioguswa wamwambie aendelee.

Na kuna foleni mbili. Kabla ya vituo vya pamoja, Busia kilichozinduliwa Februari 2018 na Namanga Desemba mwaka huohuo, mtu aligongewa muhuri wa kutoka upande mmoja, akatembea na mzigo wake katika eneo lisilo la nchi yoyote, akaanza foleni nyingine upande wa pili. Katika kipande kile cha katikati kulikuwa na maisha kamili: wabadilisha fedha wenye mabunda, wauza mayai ya kuchemsha, vijana wa kujaza fomu, wabeba mizigo waliojua ofisa gani yuko zamu na amelalaje. Sasa watu wanapita jengo moja. Ni maendeleo, na hakuna mfanyabiashara anayelilia foleni ya pili. Lakini kijana anayeanza biashara leo hajui kwamba ilikuwepo, na kwa kuwa kamera ilikatazwa, ushahidi wake ni mchache mno. Hiyo ndiyo picha ambayo mchoraji wa mpakani angetakiwa kuanza nayo, na karibu hakuna anayeanza nayo.

Anaanza na tembo. Hapo lazima lisemwe wazi, kwa sababu ndilo kosa linalowapotezea wengi muda. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru mwaka 1932, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya silingibodi, akiwa mtu wa vibarua asiye na mafunzo ya sanaa. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi kwa kudhaniwa mhalifu. Miaka minne hiyo ilitosha kuzaa mtindo unaobeba jina lake hadi leo, na familia nyingi zimesomesha watoto kwa mtindo huo. Hakuna wa kuudharau. Lakini maduka ya vinyago kuanzia Nairobi hadi Unguja yamejaa tembo, twiga, Kilimanjaro na machweo, na mchoraji mpya wa Sirari au Kabanga anayeongeza tembo wa elfu moja anashindana na watu waliomtangulia miaka hamsini, kwa mnyama ambaye pengine hajawahi kumwona. Mfanyabiashara hawezi kufanya hivyo na mitumba. Angeuliza kwanza kitu gani hakipo sokoni.

Kuna aliyefanikiwa kwa kuchora asichokiona, na kwa bahati alikuwa mtu wa ushuru. Henri Rousseau, Mfaransa aliyeishi kati ya 1844 na 1910, alifanya kazi ya kukusanya ushuru wa bidhaa zinazoingia jijini Paris, akachora wakati wa mapumziko, na akawa maarufu kwa picha za misitu mikubwa ya nchi za joto. Hakuwahi kutoka Ufaransa. Misitu yake aliitoa kwenye bustani ya mimea ya Paris na kwenye vitabu vyenye picha. Alichekwa sana alipokuwa hai, na sasa kazi zake ziko katika makumbusho makubwa ya dunia. Wachoraji wa ridhaa hupenda kumtaja ili kujitetea. Lakini Rousseau alilazimika kubuni safari kwa sababu hakuwa nazo. Mtu aliyelala Tunduma siku nne akisubiri lori lake hana sababu ya kwenda kuazima msitu.

Baada ya mada huja jambo dogo ambalo wengi hulipuuza, nalo ni mgongo wa picha. Nyuma ya ubao au turubai paandikwe jina la mchoraji, mwaka aliochora, mahali panapoonekana, mwaka wa tukio, na kama imetokana na picha ya zamani, picha hiyo ilipigwa na nani au na studio gani. Mistari mitano. Picha isiyo na mistari hiyo, mwenyewe akifa, hugeuka kuwa picha ya watu fulani mahali fulani, na mjukuu anaitupa.

Mgongo huo una kazi nyingine kwenye meza ya forodha. Sheria za mambo ya kale katika nchi za Jumuiya zinazuia vitu vya kale kutolewa nchini bila kibali, na picha inayoonyesha watu wa zamani, iliyochakaa kidogo, isiyo na tarehe, inaweza kumtia ofisa wasiwasi. Iliyoandikwa jina na mwaka wa juzi inajieleza. Vilevile katika uainishaji wa kimataifa wa bidhaa, picha iliyochorwa kwa mkono ina kifungu chake, namba 97.01, wakati picha iliyochapishwa kwa mashine iko kwenye sura ya 49 pamoja na vitabu na kalenda. Siku hizi maduka huchapisha picha kwenye turubai na kupitisha brashi mara mbili tatu juu yake ili ionekane imechorwa. Anayevusha mzigo huo kama kazi ya mkono anajitafutia matatizo, na anawaharibia wengine.

Wanaovusha kidogo kidogo wanakijua Cheti Rahisi cha Uasili wa Bidhaa, kinachotolewa mpakani kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa, thamani ya mzigo isipozidi dola 2,000 za Marekani. Wengi wanakitumia kwa nafaka na maharage. Ni wachache wanaofikiria kuulizia orodha kuhusu kazi za mikono na za sanaa, badala yake wanazikunja picha ndani ya magodoro na kuzipitisha kama kitu cha aibu. Kitu kilichofichwa hakina bei halali upande wa pili. Mnunuzi wa Kampala anayeambiwa picha imepita njia ya panya atatoa bei ya njia ya panya.

Kuhusu picha za zamani, kuna haki ya mtu. Mwenye haki ya picha huenda si aliyepigwa, bali ni mpiga picha au studio yake, na Tanzania, Kenya na Uganda zote zina sheria za hakimiliki zinazolinda picha kwa miaka mingi. Kuchora picha ya bibi na kuitundika nyumbani hakutamsumbua mtu. Kuichora mara ishirini na kuiuza kunahitaji kuulizia, na mara nyingi mwenye studio, au watoto wake, hukubali kwa furaha wakitajwa majina. Wanaohitaji kuulizwa zaidi ni wale walio hai. Mama aliyevusha sukari kwa magendo mwaka 1981 ili watoto wasome anaweza kuisimulia hadithi hiyo jikoni akicheka. Kuiona sura yake sokoni na mfuko kichwani ni jambo jingine, na mchoraji anayedhani kwamba kumbukumbu ni yake peke yake kwa sababu yeye ndiye mwenye brashi atagombana na ukoo mzima.

Inabaki fedha, ambayo wasomaji wa ukurasa huu wanaielewa kuliko wachoraji. Mchoraji wa ridhaa hukosea bei kwa namna mbili. Ama anahesabu ubao na rangi tu, akasahau siku sita alizokaa, au anataja bei aliyosikia ya hotelini akashangaa jirani anacheka. Lubumbashi ilipata jibu kwa kuuza kwa bei ambayo mfanyakazi aliweza kuilipa kutoka kwenye mshahara wake, na kwa kurudia aina zilizopendwa. Mipakani kuna njia nyingine ambazo tayari zinatumika kwa bidhaa nyingine: kulipa kidogo kidogo kila wiki ya soko, kubadilishana mali kwa mali, kuagiza kabla na kutoa malipo ya awali ya rangi. Kikundi cha kinamama wa upatu kinachomnunulia kila mwanachama seti ya vyombo kwa zamu kinaweza, mara moja kwa mwaka, kumwagiza mchoraji awachore wote wakiwa na mizigo yao, kwenye foleni ile ambayo haikupigwa picha. Gharama yake haitazidi ile ya vitenge vya sare.

Wenye vituo nao wana nafasi. Kumbi za kusubiri katika vituo vya pamoja zina kuta ndefu, na watu hukaa humo wakitazama mabango ya viwango vya kodi na onyo dhidi ya rushwa. Kamati za wafanyabiashara, ambazo hukutana na wakuu wa vituo kuhusu vyoo, maji na muda wa kufunga geti, zinaweza kuongeza ombi moja: ukuta mmoja kwa ajili ya michoro ya mahali hapohapo, yenye majina na miaka mgongoni, ibadilishwe kila baada ya miezi kadhaa. Ofisa anayelinda katazo la kamera hatakuwa na cha kuhofia, kwa sababu jengo analolilinda halimo kwenye michoro hiyo. Kilichomo ni uwanja wa vumbi uliokuwepo kabla yake, na watu wawili watatu ambao bado wanavuka kila Jumanne.